Nambari Tisini na Saba

4 Mei

Ngazi wangu,

Kwa hiyo hapana, ule mto sijaufua wala sitaufua, hata ukicheka. Nilikuwa bado nakueleza Bwana Breki alipopiga honi, ukapanda gari ukaniacha na sentensi mdomoni. Nilichokuwa nasema ni hiki: mtu aliyeolewa wiki saba tu, halafu mumewe akatumwa nchi nyingine kuuliza watu walivyopiga kura, huyo mto ndio mume wake. Ukiufua utabaki na nani?

Chumba kimekuwa kikubwa. Viatu vyako vya kazini bado viko nyuma ya mlango, vimeelekeana kama watu wanaosengenya. Asubuhi navisalimia. Usimwambie mtu.

Bwana Breki amekubali kuwa tarishi wetu. Alhamisi atakuletea fomu tupu na barua yangu ikiwa katikati yake, Jumatatu atarudi na fomu zilizojazwa na barua yako. Anasema huko uliko simu haikamati hata ukipanda juu ya paa. Nikamwambia mume wangu ni mrefu, hahitaji paa. Akasema, "Basi mwambie asimame, tuone." Mzee huyu ana maneno! Lakini ameonya, barua iingie kati ya fomu ya ishirini na ya ishirini na moja, isionekane, maana Mama Takwimu akiiona tumekwisha sote watatu.

Sasa kazi. Uliponiacha nilikuwa nagonga mihuri tu. Wiki hii nimepandishwa! Wewe walikuchukua kwa ajili ya miguu, mimi kwa ajili ya mwandiko, na mwandiko umenifikisha mbali: nimekaa meza ya dirishani, nasoma majibu ambayo watu wameyasema kwa maneno yao wenyewe, kisha nayapa nambari. Tuna kitabu kimoja cha nambari, na nchi zote sita zinatumia hicho hicho, ili baadaye waweze kulinganisha mpiga kura wa huku na wa huko. Kwa nini hukupiga kura? Ugonjwa, 01. Kazi, 02. Jina halikuonekana kwenye daftari, 03. Unaendelea hivyo hivyo mpaka 97, ambayo ni "mengineyo", yaani jibu lililokosa kwao.

Najua tuliapa. Mama Takwimu alitupanga mstari tukainua mikono: kilichomo ndani ya fomu hakitoki, si kwa mama, si kwa mume. Lakini nawe uliapa, si ndiyo? Siri ikitoka kwa mwapaji ikaenda kwa mwapaji haijatoka nyumbani, imehamia chumba cha pili tu. Basi sikiliza, na ukicheka cheka polepole.

Fomu 0413, ya hapa hapa mjini. Mwanamume, miaka thelathini na moja, hajaoa. Ulipiga kura? Hapana. Kwa nini? Mdodosaji ameandika hivi: "Anasema alimfuata msichana, akasimama muda wa saa nne kwenye foleni isiyo yake. Alipofika mbele, jina lake halikuwemo."

Mume wangu, nimecheka mpaka machozi yakadondoka kwenye kitabu cha nambari! Mtu mzima anafuata sketi mpaka kituo kisicho chake, nchi inaamuliwa, yeye anatazama visigino vya mtu! Na umri wako kabisa. Tazama watu wanavyotofautiana. Wewe nawe ulisimama na mimi saa nne siku ile, ukinikinga jua kwa gazeti, lakini ulitoka na kidole chenye wino, na kidole hicho ndicho kilichokupa mke. Umesahau Baba alivyokwambia kabla hujakaa? "Kijana, habari za familia baadaye. Kwanza nionyeshe kidole." Nilikuwa nyuma ya pazia, moyo unapiga kama cherehani. Ukakinyoosha. Baba akakishika, akakigeuza huku na huku, akasema, "Kaa." Nikajua nimeolewa.

Huyo wa 0413 nilitaka kumpa 03. Mama Takwimu akakataa. "Sababu ni ya kwanza, siyo ya mwisho. Jina lilikosekana kwa kuwa foleni haikuwa yake. Foleni haikuwa yake kwa kuwa kulikuwa na msichana. Una nambari ya msichana?" Nikasema sina. "Basi mpe 97." Nchi sita, kitabu kizima, na mapenzi hayana nambari! Nimeshangaa kweli.

Kula vizuri. Usivue soksi mbele za watu.

Mkeo na nusu yako,
Kiberiti


8 Mei

Kiberiti wangu,

Barua yako imefika, iko chini ya godoro kwa sababu chumbani tuko wadodosaji wanne na mmoja ana macho ya kuazima. Mto wako usiufue. Mimi huku nalalia koti.

Nikupe habari za kazi kwanza, maana bado sijazoea. Huku hodi yenyewe ni nusu ya kazi. Mlango ukifunguliwa, sizungumzi na anayetaka kuzungumza. Nauliza waliomo ndani wote, halafu namchukua yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi. Ndiyo kanuni. Anaweza kuwa bibi asiyesikia au mtu aliyenuna. Nauliza, "Ulipiga kura?" Mtu anatazama geti kwanza, anatazama dirisha la jirani, ndipo ananijibu, "Mimi? Hapana." Kidole chake bado kina alama kwenye ukucha! Namwona nacho, naye anajua namwona, na mkono wangu unaandika "hapana".

Kiberiti, mshindi wa huku alishinda kwa kishindo. Nimepita nyumba arobaini na mbili. Aliyemchagua nimempata mmoja, na huyo aliniomba niandike kwa penseli. Waliobaki ama hawakupiga, ama hawakumbuki. Sijui ni aibu, sijui ni hofu, sijui waliahidiwa vitu wakakosa. Nilitoka nyumba ya arobaini na mbili nikakaa kwenye ngazi za watu, nikajiuliza: kama hakuna aliyemchagua, huyu bwana aliingiaje?

Kiongozi wetu wa kundi anasema nisishangae. "Kazi yako si kumfanya mtu aseme kweli. Kazi yako ni kuandika alichosema."

Sasa huyo mtu wako wa 0413. Naomba usimcheke sana. Mtu anayesimama saa nne juani hakosi akili, ana jambo. Pengine alifikiri kituo ni kituo tu, ukiwa na kitambulisho unapita. Halafu anafika pale mezani, watu nyuma yake wamejaa, karani anafunua karatasi mara mbili, anamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Ndugu yangu, umekuja harusini bila kadi," na foleni nzima inacheka. Wewe ungefanyaje? Pengine alitoka pale akitamani ardhi ipasuke. Na kituo chake kiko ng'ambo ya reli, na saa zimekwisha. Mtu kama huyo mpe 03, mke wangu. Jina halikuonekana. Ni kweli tupu na haimwaibishi mtu.

Viatu vyangu visalimie. Viambie nimekanyaga matope ambayo vyenyewe visingeyavumilia.

Mumeo,
Ngazi


9 Mei

Ngazi wangu, mwenge wangu, mtu wa nyumba arobaini na mbili,

Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimeifunika usoni. Inanuka matope na sabuni ya mche. Nimeipenda.

Moyo wako ni mwororo mno! Yaani mtu humjui, humjui hata jina, umemtetea kama wakili. Nilisoma nikaona aibu kwa kicheko changu. Nikasema, Kiberiti, umepata mume anayewaonea huruma hata watu wa kwenye karatasi. Ila nambari haibadiliki, imeshapigwa mhuri.

Lakini ngoja nikushtue. Hayo ya kwako ya watu kuficha vidole ni nusu. Leo Mama Takwimu amemaliza kujumlisha fomu zetu za huku, akaita wote, akaandika ubaoni. Katika kila watu mia tuliowauliza, themanini na wanne wanasema walipiga kura. Halafu akafungua taarifa ya tume, hesabu ya watu walioingia kweli vyumbani. Sitini na mmoja.

Yule dada wa meza ya pili akauliza, "Fomu zimeharibika?" Mama Takwimu akasema, "Fomu nzima. Watu ishirini na watatu katika kila mia walipiga kura wakiwa kitandani."

Hakuna aliyecheka. Nilipanda basi kurudi nyumbani nikawa nawahesabu abiria: wewe, wewe, na wewe mwenye mwavuli, mmoja wenu ni mwongo, na ameniangalia mdodosaji wangu machoni akasema, "Ndiyo, nilipiga, ni wajibu wangu." Yaani huku watu wanadai wasichofanya, na huko kwako wanakana walichofanya, tena swali ni lile lile, neno kwa neno. Mama Takwimu anasema ndiyo maana ya kulinganisha: mtu akikaa nchi moja tu anadhani uongo una sura moja.

Nimemshukuru Mungu kwa ajili yako. Katika mji wa waongo, mimi niliolewa na kidole cha kweli.

Mkeo anayekupenda mpaka anakera,
Kiberiti


11 Mei

Mume wangu,

Hii itakufikia pamoja na ile ya tarehe tisa, kwa kuwa gari ni moja. Soma ile kwanza. Nataka uone nilivyokuwa na furaha.

Leo mchana nilikuwa nakula na dada wa meza ya pili. Akanisimulia habari ya mtu aliyekwenda msibani pasipomhusu, nikasema, "Amekwenda harusini bila kadi." Akacheka, akauliza, "Umeutoa wapi huo?" Nikasema, kwa mume wangu, kaniandikia, ndivyo karani alivyomwambia yule mtu wa…

Kijiko kilibaki hewani.

Nilirudi mezani nikaifungua fomu 0413. Maneno ya karani hayamo, Ngazi. Foleni kucheka hakumo, wala reli haimo. Hakuna pale ila mistari miwili niliyokunakilia. Nimegeuza nyuma na mbele, nimeiinua kwenye mwanga wa dirisha kama noti.

Nikasema, ametunga. Mume wangu ana huruma, amejitungia mtu. Nikarudia hilo mpaka saa kumi. Halafu nikakumbuka siku ile. Niliingia mimi kabla yako. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikakungoja chini ya ule ukuta mweupe. Ulikawia. Ulipotokea mkono wako ulikuwa mfukoni. Nikakuuliza, "Tayari?" Ukasema, "Tayari." Mkono haukutoka mfukoni mpaka tukaagana. Nilidhani ni haya! Nikaipenda hiyo haya siku nzima!

Ng'ambo ya reli, mume wangu, ndiko ulikokuwa umepanga chumba kabla hatujaoana.

Sikuulizi mengi. Nani alikwambia maneno ya karani?

Kiberiti


13 Mei

Mke wangu,

Nimesoma kwa utaratibu ulioniambia. Ingekuwa afadhali ungenipiga.

Hakuna aliyeniambia. Niliambiwa mimi.

Siku ile nilitoka na kitambulisho changu mfukoni kwenda kupiga kura yangu ng'ambo ya reli, kama mtu yeyote mwenye akili zake. Ulipita. Ulikuwa unabishana na mwanamke mmoja juu ya nani alitangulia, ukamwambia, "Dada, hata ukinipita, kura yako ni moja na yangu ni moja." Nikageuka nikakufuata, sikufikiri zaidi ya hapo. Nilijiambia nitasimama dakika kumi, nitakusalimia, nitakwenda kituo changu. Dakika kumi zikawa saa nne. Kila nilipotaka kuaga ulikuwa katikati ya hadithi, nawe hadithi zako hazina mwisho.

Ukaingia. Zamu yangu ikafika. Yaliyobaki unayajua, nilikuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kama mjinga. Nilikuwa namtetea mtu yule nikasahau kuwa wewe humjui.

Nilitaka kukwambia pale ukutani. Lakini kwenye foleni ulikuwa umesema, nakumbuka mpaka sauti yako, "Baba yangu anasema mtu asiyepiga kura asije kwetu hata kuomba maji." Ulisema ukicheka. Mimi sikucheka. Nikasema "tayari".

Siku tatu baadaye nilipoitwa kwenu nilisimama mbele ya kioo nikaona kidole changu kisafi kama cha mtoto mchanga. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni. Nikakichovya kidole, nikakikausha juu ya jiko, nikakichovya tena. Ndicho hicho alichokishika mzee. Nilitetemeka, nikasema moyoni, akilamba gumba lake akasugua tu, nimekwisha.

Mwezi wa kwanza mdodosaji alipiga hodi chumbani kwetu. Tulikuwa watatu, na siku ya kuzaliwa iliyokuwa karibu ni yangu. Wenzangu wakatoka nje. Aliniapia kuwa hakuna mtu duniani atakayejua. Kiberiti, sijui kama utanielewa. Nilikuwa nimebeba uongo ule mwezi mzima, na kila ulivyozidi kunipenda ndivyo ulivyozidi kuwa mzito. Nikataka angalau mtu mmoja ajue. Nikamwambia. Nililala vizuri usiku ule.

Sikujua karatasi ile ingetembea mpaka kwenye meza ya mke wangu.

Leo mtaani nimemuuliza mama mmoja swali lile lile, ulipiga kura, naye kidole kina alama. Akasema hapana. Nilimwangalia muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Nilitaka kumwambia, mama, mimi ndiye ndugu yako.

Nikirudi nitamwambia mzee mwenyewe. Nakuomba jambo moja tu, usimwambie wewe. Aniadhibu nikiwa nimesimama mbele yake.

Sina la kujitetea.

Ngazi


18 Mei

Ngazi,

Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nimezichana, ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo Baba hajui kama nayajua.

Nianze na la ofisini, maana nalo linakuhusu. Barua yako ilifika Jumatatu ikiwa imegongwa mhuri wa IMEPOKELEWA na kupewa namba, 2206. Bwana Breki alilipita shimo moja vibaya, fomu zikamwagika garini, na yule wa mapokezi akaziokota zote akazigonga bila kusoma. Ikaenda mezani kwa Mama Takwimu kama fomu ya nchi ya pili. Akaisoma. Yote.

Aliniita akafunga mlango. Akaiweka barua mbele yangu akasema, "Jibu la mhojiwa ni refu kidogo." Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, akanywa chai yake, kisha akasema, "Umetoa siri ya mtu. Ulimcheka kwa mtu mwingine. Bahati yako mwenye siri na uliyemwambia ni mtu mmoja. Angekuwa jirani yako je? Angekuwa mtu wa kumwua?" Nilikuwa na hasira nawe siku nzima, Ngazi, na hapo ndipo nilipojiona nami. Nimekuchekea aibu yako usoni pako, nikaita sketi, nikaita visigino. Visigino vyenyewe vyangu! Nisamehe kwa hilo.

Ameniondoa meza ya dirishani. Nimerudi kwenye mihuri, na wiki ijayo nzima nimesimamishwa, nisikanyage ofisini. Alipokuwa ananifungulia mlango akaongeza, "Na 97 inabaki."

Sasa la kwako. Sikukasirikia kura. Nimejiuliza mara mia, ni kura? Siyo. Ni kwamba ukweli wako ulimpa mgeni mwenye ubao wa kubania karatasi, na mimi ukanipa dawa ya vidonda. Alipotoka chumbani ulilala vizuri. Mimi nimelala nawe wiki saba na bado ulikuwa unaubeba mwingine. Hilo ndilo lililonichoma, nalo sijui nambari yake.

Nilishika neno lako, sikumwambia Baba. Lakini jana nilikwenda kwake. Alikuwa kwenye kochi lake anashona kifungo cha shati, unajua hapendi kusaidiwa. Nikakaa. Nikasema nimuulize tu kitu cha kazini, kidogo tu, kwa mbali. Nikasema, "Baba, wino wa kura ni wa rangi gani?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Si zambarau."

Mume wangu! Nilishika ukingo wa meza. Baba akakata uzi kwa meno, akasema, "Miaka ishirini na sita nimekaa posta nagonga mihuri. Uchaguzi wa tano huu naitwa kushika chupa ya wino. Wino ule ukikauka unakuwa kama kutu, mweusi wenye kahawia. Kijana wako alikuja na kidole kama mdomo wa mtoto mwenye vidonda. Tena kilinuka hospitali."

"Na ukamwambia akae?"

"Ningemwambia nini? Mtu amejipaka dawa mpaka kwenye ukucha ili akae kwenye kochi langu. Nikasema huyu ana shida kubwa kuliko kura. Nilimshika kidole nikaona kinatetemeka. Asiyetetemeka ndiye ningemfukuza."

Nikauliza kwa nini hakusema miezi yote hii. Akavaa shati, akafunga kile kifungo, akafungua, akafunga tena. Halafu akanishtua kuliko wewe, kuliko Mama Takwimu, kuliko ule ubao wa themanini na nne.

Alisema, "Kwa sababu na mimi sijapiga."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema kila uchaguzi wanampanga kituo cha mbali, na kura ni pale ulipoandikishwa tu. Uchaguzi wa kwanza aliomba ruhusa akimbie nyumbani apige arudi, wakamkatalia. Wa pili hakuomba. Jioni akirudi watoto walikuwa wanamngoja mlangoni waone kidole chake, yaani mimi, Ngazi, mimi ndiye niliyekuwa nangoja pale mlangoni! Basi kabla ya kufunga chupa alikuwa anachovya chake mwenyewe. Miaka yote hiyo. "Nilikuwa nawahubiria wengine kwa nguvu," akasema, "kama mtu aliyekatazwa sukari anavyowasifia wenzake chai."

Nilimwona mzee mdogo kwenye kochi kubwa. Akaniuliza, "Utaandika kwenye fomu zako?" Nikamwambia fomu hazinihusu tena, mimi ni wa mihuri. Akasema, "Kwa sababu walikuja kuniuliza na mimi, mwezi wa kwanza. Yule binti alikuwa na adabu sana. Nilimwambia nilipiga."

Hili ninakuandikia kwa kuwa aliliruhusu. Nilimuuliza mara mbili, nimejifunza. Akasema, "Mwandikie. Mwambie asije kuniungamia akiwa amesimama, atanichosha shingo. Aje akae, tuongee watu wawili wasio na kura."

Tulicheka, halafu nikalia, halafu akanipa lile shati nimshikie kifungo cha pili.

Nimerudi chumbani kwetu nikavitazama viatu vyako. Sikuvisalimia. Nilivipiga kiwi. Nikiwa navipiga nikafikiri: huku watu ishirini na watatu katika mia, na mmoja wao ni Baba yangu, hawakusema vile kwa ubaya. Kuna mtu alikuwa anawangoja mlangoni aone kidole. Sitaki kuwa mtu huyo kwako. Sitakusubiri mlangoni tena nikikagua. Ila nawe, ukiwa na kidole kisafi, nionyeshe kikiwa kisafi. Nitakasirika siku mbili, ya tatu nitakupikia.

Leo ni siku ya pili.

Bwana Breki amekataa kunipakia, anasema barua zangu peke yake zimeshamletea balaa, sembuse mimi mzima. Sawa. Nimeulizia basi la mpakani, linaondoka asubuhi, na wiki yangu ya adhabu inaanza tarehe ishirini na tatu. Mwambie mwenye macho ya kuazima atafute pa kulala. Toa mkono mfukoni kabla sijashuka, nataka kuuona kutoka dirishani, mtupu kama ulivyo, nami nakuja nao mto, bila kuufua. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimesimama mbele yako, nami safari hii nitakuwa kwenye foleni yangu.

Mkeo,
Kiberiti